Mbalamwezi Ni Yangu Pia

Kirando, 27 Julai 2023

Dada Dominika, shikamoo.

Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti chako cha cherehani, jua kwamba barua hii imeandikwa na mtu ambaye hakuna mashine ya boti, kutoka hapa hadi ng'ambo ya Kongo, inayothubutu kukataa kuwaka akishaigusa. Juzi moja iliwaka nikiwa bado nimesimama mbali natafuna muhogo. Nadhani ilisikia sauti yangu tu. Watu wa hapa mwaloni, zinapoegeshwa boti, wanasema siku nikifa mikono yangu isizikwe, ibaki juu iendelee na kazi.

Mimi mzima. Joto la huku halisemeki, dagaa wameanikwa mchangani hadi hakuna pa kukanyaga, nami nanuka petroli na samaki kwa pamoja. Ninyi mnaotetemeka huko Malangali mngelipa nauli kuja kuota jua kama hili.

Umesema simu hutaki tena, kwa kuwa nikibanwa nasema mtandao unakatika. Sawa, mkuu wa mkoa wa cherehani, naandika. Avelina naye simu yangu anaiacha iite mpaka ichoke yenyewe. Mwanamke ana moyo wa chuma. Ndiyo maana nilimwoa.

Sasa lile la Jumamosi tarehe mosi ya mwezi huu. Ni kweli nilimwahidi Silvana kwamba baba atakuja mwezi ukiwa mkubwa, na mwezi ulikuwa mkubwa, sikatai. Lori la dagaa nililopanda lilivunjika ekseli pale Chala. Tukalala siku mbili, siku nilizoomba zikaisha, nikarudi kazini. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine.

Halafu mnanilinganisha na jirani yetu Yohanes, kwamba mbona yeye anakuja kila mbalamwezi. Dada, Yohanes ni mvuvi. Taa za boti zinavuta dagaa kukiwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaoni sababu ya kufuata taa, boti zinapandishwa mchangani siku kumi, Yohanes anafunga mkoba wake anakwenda kwa mwanawe Elia. Mimi ni fundi. Boti zikishapanda mchangani, ndipo mashine zote sita za Mzee Eustace, tajiri wangu, zinalazwa mbele yangu kama wagonjwa wa wodi moja. Wakati baba wa wenzake Silvana anakwenda nyumbani, mimi ndiyo kwanza nashika spana. Mtu aliyeishia kidato cha pili kama mimi akiachia kazi ya namna hii, nyuma yake wamejipanga ishirini.

Yohanes ndiye analeta barua hii. Usimpe chai yenye maziwa, atazoea.

Mdogo wako asiye na mpinzani,
Fundi Kalisti


Malangali, Sumbawanga, 5 Agosti 2023

Mdogo wangu Kalisti, marahaba.

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima. Baridi ya mwaka huu imetutia adabu, asubuhi vidole havishiki sindano mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Mama alipanda kutoka Muze na debe la mchele, akakaa siku nne, akakosoa kila kitu hadi upishi wangu wa ugali wa ulezi, akashuka. Avelina yupo kwenye kinu cha alizeti, anaingia saa moja asubuhi na kutoka jua likizama. Silvana anashinda nami, anahesabu hadi arobaini na tisa. Hamsini bado hajaiamini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafika pale Chala. Lori limevunjika ekseli, na ndani yake amekaa yule ambaye mashine zinawaka zikisikia sauti yake, na bado mkalala siku mbili. Sitaongeza neno.

Ila kuna jambo nataka unieleze. Jumamosi ile ile nilikimbia sokoni mara moja kununua uzi. Niliporudi nilikuta viatu vyekundu vya plastiki chini ya cherehani, vimefungwa kwenye gazeti, vinanuka petroli. Silvana akasema vimeachwa na mteja. Mteja huyo hajarudi mpaka leo. Nilimjaribisha mtoto, kisigino hakikuingia hata nusu. Vipo kwenye kabati langu.

Na jioni ya siku hiyo, kwa kuwa uliahidi, Silvana alibeba kigoda akaenda kukaa barabarani na Elia. Basi lilipofika akashuka Yohanes. Elia akapandishwa mabegani. Silvana akabeba kigoda chake akarudi nyumbani.

Sasa sikiliza. Mahafali ya chekechea ni Jumamosi, tarehe 25 Novemba. Kila mtoto atapandishwa jukwaani na baba yake. Avelina amenituma nikuandikie hivi: usipokuja, atamwomba Yohanes awapandishe wote wawili, Elia mkono huu na Silvana mkono huu. Alisema hivyo taratibu, huku anakunja nguo. Angekuwa na hasira nisingeogopa.

Nimetazama kalenda. Tarehe hiyo mwezi utakuwa mkubwa.

Dada yako,
Dominika


Kirando, 27 Agosti 2023

Dada, shikamoo tena, na hii ya pili ni ya kukulainisha.

Huku tupo. Samaki mmoja, mgebuka, niliyemla jana alikuwa mrefu kuliko mkono wa Yohanes, na Yohanes ana mikono mirefu kama ya mtu aliyezoea kudoea. Nakutumia dagaa kiroba kimoja. Mpe Mama nusu, pengine ataacha kukukosoa.

Mwambie Avelina kwamba Silvana hatapandishwa jukwaani na mkono wa mtu mwingine, labda mimi niwe nimekufa, na nikifa mikono yangu inabaki kama nilivyokwisha kueleza. Yohanes ana mtoto wake. Ashike wake.

Nilimfuata Mzee Eustace siku hiyo hiyo barua yako ilipofika. Nikavua kofia, nikamweleza habari ya mahafali kwa adabu usiyoijua wewe. Akaniuliza kama na zile mashine sita zimealikwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana utani mzuri ni mzuri hata ukipigwa nao. Kisha akasema sawa, ruhusa ninayo, ila nikirudi nisishangae kukuta fundi mwingine amekalia ndoo yangu.

Basi nikakaa kwenye ndoo yangu nikafikiri, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Kwa nini mashine zote zinasubiri mbalamwezi? Kwa sababu wakati wa giza kila boti inahitaji mashine yake kila siku. Kungekuwa na mashine ya saba, ya akiba, ningeichukua ya boti moja nikaifungua siku mbili tatu, boti ile ikatembea na ya akiba, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Giza likiisha, zote sita zimekwisha kupona. Mbalamwezi inakuwa yangu kama ilivyo ya Yohanes.

Mzee Eustace akasema mashine mpya hanunui. Nikamwambia sijaomba mpya. Nyuma ya stoo yake kuna moja imelala tangu sijafika Kirando, imepoteza mfuniko, na kuku mmoja ametagia ndani yake miaka na miaka. Nikamwambia hiyo hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tumewekeana masharti mbele ya watu: ikimfikisha mwalo wa Kabwe na kumrudisha bila kuzimika hata mara moja, akiwa yeye mwenyewe ndani ya boti, basi ndiyo ya akiba, na mbalamwezi naenda nyumbani. Ikizimika, nisiseme tena habari ya ruhusa mpaka atakapozeeka.

Jana nimemhamisha kuku. Amenidonoa mara tatu.

Mwambie Silvana baba yake ana vita na kuku.

Fundi Kalisti, mshindi mtarajiwa


Malangali, 4 Septemba 2023

Kalisti, marahaba.

Wazima wote. Dagaa wamefika, Mama amesema wana mchanga.

Nilimsomea Silvana ile sehemu ya kuku. Alicheka hadi akapaliwa. Jana akaniomba nirudie, na leo tena, na sasa anapita akiwaambia watoto wa jirani kuna kuku Kirando anakaa ndani ya mashine. Amenituma nikuulize kuku amehamia wapi na mayai yake yako wapi. Avelina alikuwa jikoni. Hakutoka, ila alipunguza redio ili asikie.

Kwa hiyo jibu habari ya kuku. Na ya viatu hukuijibu.

Dominika


Malangali, 4 Oktoba 2023

Kalisti,

Yohanes amekuja mbalamwezi hii mikono mitupu. Nikamuuliza barua iko wapi, akasema hukumpa. Nikamuuliza habari ya mashine, akaanza kutazama mti wa mparachichi kama vile hajawahi kuuona. Najua kuna kitu.

Tumepata kumbikumbi mapema, nimekukaushia. Mama anaumwa mgongo lakini anaendelea kugomba, kwa hiyo ni mzima.

Silvana hajauliza kama utakuja. Anauliza ya kuku. Nimekosa la kumsomea, nikamtungia moja, akaniambia hiyo si ya baba.

Ukiwa umeshindwa, andika umeshindwa. Karatasi haitakucheka.

Dominika


Kirando, 26 Oktoba 2023

Dada, shikamoo. Kaa chini. Kama upo na mteja, mwambie arudi kesho.

Nianze na mabaya kwa kuwa umeshayanusa. Mwezi wa tisa nilijaribu mashine mbele ya mwalo mzima. Iliwaka vizuri, ikatupeleka kama urefu wa viwanja vitatu vya mpira, ikakohoa, ikafa. Tulirudishwa kwa makasia. Wanawake wanaoanika dagaa walitupokea kwa vigelegele, mmoja akauliza kama kuku naye yumo. Mzee Eustace akashuka akaenda zake, na usiku ule sikula. Ndiyo maana Yohanes alikuja mikono mitupu. Mtu kama mimi hana mazoea ya kuandika kwamba ameshindwa, nilikuwa sijui hata linaanzaje.

Asubuhi nikaenda kwa mzee, nikamwomba mara moja tu zaidi. Akasema nina bahati, naye alikuwa baba wa kuonekana mara moja kwa msimu, na mwanawe mkubwa mpaka leo humsalimia kama anavyomsalimia katibu kata. Akanipa giza moja la mwezi. Akasema nisimweleze mtu. Wewe si mtu, wewe ni dada.

Nikaifungua yote. Kabureta nikaipiga mswaki tundu kwa tundu kama meno ya bibi harusi. Bomba la mafuta lilikuwa na manyoya ya kuku ndani, nakuapia, manyoya matatu. Ringi nikatoa kwenye mashine iliyokufa kabisa. Wiki mbili nililala kwa saa nne tu kila usiku.

Jumatano iliyopita tukaenda. Mzee Eustace alivaa jaketi la kuelea akakaa katikati ya boti na rozari mkononi. Tulipopita pale ilipokufa mara ya kwanza akaanza tendo la kwanza. Tumefika Kabwe yuko tendo la nne. Nikazungusha boti bila kuzima, maana masharti ni masharti, nikawapungia watu wa Kabwe kama mgombea. Kurudi, hakusali tena. Alikuwa ananihadithia boti yake ya kwanza. Tumegusa mchanga wa Kirando mashine ingali inanguruma, na wale wale wa vigelegele wakapiga tena, safari hii vya kweli. Nimewapa pole kwa kukosa la kuchekea.

Kwa hiyo andika kwenye ukuta kwa chaki: mbalamwezi ni yangu pia. Mashine tatu zimekwisha kupona, zilizobaki zinakwisha kabla ya tarehe 20. Na fundi wa mzee mwingine amekuja kuniuliza nilivyofanya. Naye ana watoto wawili Namanyere. Nilimfundisha bure, baada ya kumfanya aniombe mara tatu.

Kuku amehamia kwenye sanduku langu la spana. Amelalia mayai saba juu ya spana namba kumi na saba, na sina ruhusa ya kuigusa.

Nipimie mguu wa Silvana kwa uzi unitumie. Si kwamba nimesahau ukubwa wake. Mafundi hatukisii, tunapima. Na hivyo viatu vyekundu, mambo ya wateja wako mimi nitayajuaje.

Bingwa wa ziwa,
Fundi Kalisti


Malangali, 4 Novemba 2023

Kalisti, marahaba.

Uzi ndio huu. Kutoka mwanzo hadi fundo ni mguu wake wa kulia leo asubuhi, amesimama. Nimeongeza upana wa kidole kimoja kwa sababu anakua.

Barua nilianza kumsomea Silvana, nikafika Kabwe, Avelina akaninyang'anya akamalizia yeye. Kisha akaiweka mfukoni mwa aproni akaenda nayo kazini.

Mvua zimekolea, barabara ya kushuka huko itakuwa na utelezi. Toka mapema. Nyoa ndevu. Usije na ovaroli.

Nimeweka uzi huu kando ya vile viatu nikatazama. Sijauliza kitu.

Dominika


Kirando, 10 Desemba 2023

Dada yangu Dominika, shikamoo.

Nimefika salama. Boti zote zimo ziwani, mashine zinaimba kwaya, na kuku ametotoa vifaranga sita. Spana namba kumi na saba imerudi kazini, ila ina harufu.

Najua ulikuwepo mahafalini. Lakini ulikaa nyuma na ile kofia yako iliyowazibia watu wa safu tatu, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, nami nitakueleza, kwa kuwa mimi nilikuwa mbele. Mbele kabisa, kama ilivyo desturi yangu.

Kwanza, Alhamisi nilipofika. Nilikuwa nimenyoa, nimeoga Namanyere na nimeoga tena stendi. Silvana alikuwa mlangoni. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, mimi moyo unapiga kama mashine yenye plagi moja, halafu akaniuliza: “Wewe ndiye baba wa mashine ya kuku?”

Nikamwambia ndimi. Akaniuliza manyoya yalikuwa mangapi. Nikasema matatu. Basi, akaniruhusu kuingia. Dada, mimi nilidhani nakuandikia wewe barua. Kumbe ulikuwa unanileta nyumbani kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, na nilipofika mwenyewe mtoto alikuwa ameshanizoea. Sitalirudia hili kwa mdomo, kwa hiyo litunze.

Pili, chini ya jukwaa. Mwalimu alipoita jina lake, Silvana hakunipa mkono mara moja. Alivigeuza vidole vyangu akavikagua kama vina grisi, joho lake la bluu lisichafuke. Alipoona vimetakata akashika kidole gumba, hicho kimoja tu, tukapanda. Yohanes na Elia walikuwa wamepanda mbele yetu. Yohanes akanikonyeza. Nimemsamehe ile mikono mirefu.

Tatu, lile swali la mwalimu kwenye kipaza sauti, kila mtoto aseme baba yake anafanya kazi gani. Mlicheka uwanja mzima Silvana aliposema baba yake alimfukuza kuku akamvusha mzee hadi Kabwe. Wewe ulisikia kicheko. Mimi nilimwona Avelina. Alikuwa safu ya pili, ameziba mdomo na khanga, mabega yanatikisika, na alipoiondoa alikuwa bado anacheka. Tangu nifike Alhamisi sikuwa nimeliona jino lake hata moja.

Jioni alinifuata nikiwa namfungua mtoto viatu vipya. Nilitegemea hotuba. Akavishika, akabonyeza pale mbele kwa kidole gumba, akasema, “Vimemkaa.” Kisha akaenda kuinjika chai, na ilikuwa na maziwa.

Krismasi ya mwaka huu imeangukia mwezi mkubwa. Mzee Eustace ameniambia mwenyewe kabla sijaomba. Kazi yangu ninayo, ndoo yangu hakuna aliyeikalia, na nyumbani naenda. Nani mwingine unayemjua aliyepata vyote hivyo kwa mashine ya kuku?

Kuanzia hapa usimsomee Silvana.

Lori halikuvunjika Chala. Lilifika Sumbawanga saa nne asubuhi, zima kabisa, na saa nne na nusu nilikuwa mbele ya nyumba yako. Nilikuwa na ovaroli, na ndevu hizo unazozijua. Silvana alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani, anapanga vifungo kwa rangi. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyaandaa tangu Namanyere. Akainua uso akanitazama vizuri tu, wala hakuogopa, akanisalimia kama mtoto aliyelelewa vizuri: “Shikamoo. Shangazi ameenda sokoni. Kama ni suruali iache hapa, utaikuta Jumatatu.”

Nikatazama miguu yake. Viatu nilivyobeba vilikuwa vya mtoto niliyemwacha Septemba ya mwaka uliopita. Huyu aliyekaa pale alikuwa na miguu mingine.

Ningeweza kusema mimi ni baba yako. Ni maneno manne tu, na unajua mimi sijawahi kuishiwa maneno. Nikasema marahaba. Nikaviweka chini ya cherehani, nikamwambia Jumatatu nitapita, nikaondoka.

Uliniandikia kwamba jioni ile alibeba kigoda akaenda barabarani kumsubiri baba yake. Lori la kurudi lilichelewa kujaza, dada. Wakati anasubiri, mimi nilikuwa bado nipo stendi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Kalisti